Mlinzi wa kushoto ameacha kuja mazoezini: mpira unaweza kumrudisha?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kocha wa timu ya mtaa hapa Ilomba, Mbeya. Nina vijana 26 wa miaka 15 hadi 22. Wengine ni bodaboda, wengine wanabeba mizigo sokoni Mwanjelwa, wengine wamemaliza kidato cha nne na wapo tu nyumbani. Mwezi uliopita mlinzi wangu wa kushoto, ana miaka 19, aliacha kuja mazoezini. Mdogo wake ananiambia kuna mtu amemwahidi kazi "kusini", nauli inalipwa, ila asimwambie mtu. Simu yake imejaa video za vita na mahubiri ya kuwatukana watu wa dini nyingine. Nilimweleza ofisa wa mradi mmoja, akanishauri niandae bonanza la vijana kupinga ugaidi. Mimi naona halitoshi. Je, mpira kweli unaweza kumzuia kijana asiingie huko? Na huyu wangu nimfanyeje?

JIBU: Marahaba, kocha. Kamwene kutoka Iringa.

Umeuliza mambo mawili, na la pili ndilo lenye haraka. Kwa hiyo nitaanza na kijana wako, kisha turudi kwenye mpira. Kama hujafika kwao tangu aache kuja, weka simu chini uende kwanza. Maelezo yangu utayakuta ukirudi.

Nenda peke yako. Usiende na mwenyekiti wa mtaa, usiende na wachezaji wenzake kumi kama mnakwenda kuchukua jezi zenu, na usianze na zile video. Kijana wa miaka 19 ukimfungulia mazungumzo kwa kumwambia "nasikia unaangalia mambo ya ajabu" atajua papo hapo kwamba mdogo wake amemsema, na mlango utafungwa kwako na kwa mdogo wake pia. Muulize hali. Muulize mama yake anaendeleaje, na kama goti lililokuwa likimsumbua limepona. Halafu nyamaza. Wengi wetu makocha tumezoea kusema tu, na kusikiliza kunatuwia vigumu kuliko kupanga fomesheni.

Akifika kwenye habari ya kazi, usimpinge. Muulize maswali ambayo mtu yeyote anayempenda angemuuliza. Ni kazi gani? Mwajiri ni nani, ana ofisi wapi? Mshahara utalipwa kwa njia ipi? Aliyekutafutia amekujuaje? Na kwa nini mama asijue? Lengo si kumbana. Mara nyingi kijana mwenyewe hajawahi kuyasema hayo kwa sauti, na akiyasikia yakitoka kinywani mwake anaanza kuyatilia shaka. Kwa sheria za hapa kwetu, wakala anayewatafutia watu kazi anapaswa kuwa na leseni, na serikali ina watu wake wa huduma za ajira, TaESA, ambao mtu anaweza kuwauliza. Mtu anayetoa nauli na kukataza ndugu wasiambiwe hafanyi kazi ya ajira. Hata kama hana uhusiano wowote na wapiganaji, huenda ni msafirishaji haramu wa binadamu, na nchi yetu ina sheria dhidi ya jambo hilo tangu 2008. Kwa hiyo huhitaji kuthibitisha "ugaidi" ndipo uwe na sababu ya kumzuia. Siri peke yake inatosha kukuamsha.

Nasema siri, sisemi kusini. Vijana wa Chunya wamekuwa wakifuata dhahabu na vito popote vilipo, na wengine walivuka hadi Msumbiji kuchimba rubi Montepuez, kabla ya wachimbaji wasio na vibali kufukuzwa kule mapema 2017. Kwenda kusini kutafuta riziki si kosa wala si dalili. Lakini ni kweli pia kwamba tangu Oktoba 5, 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, mkoa wa Cabo Delgado, huko huko Msumbiji, umekuwa na vita, na miongoni mwa wapiganaji wamekuwemo Watanzania. Oktoba 2020 walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mtu wa Mbeya anaweza kuona Ruvuma iko mbali. Basi la usiku haliioni mbali.

Kuhusu video: kutazama si kujiunga. Kijana akitazama moja kwa udadisi, simu yenyewe inamletea ishirini. Nimekutana na vijana wengi waliokuwa na vitu vya kutisha kwenye simu, na shida yao kubwa ilikuwa kukosa usingizi na kukosa mtu wa kuongea naye. Kinachonishtua zaidi ni mabadiliko yanayokuja pamoja: kaacha timu, kaacha marafiki wa zamani, ana fedha kidogo asiyoeleza chanzo chake, anazungumza kwa maneno ya kukariri ambayo si yake, na anawaita ndugu zake wa damu makafiri au wapotovu. Dalili moja isikutie hofu. Zikija nne kwa mwezi mmoja, usisubiri.

Usibishane naye dini hata kidogo, hata kama unaijua dini yake vizuri. Kazi hiyo ina wenyewe. Mtafute imamu au mchungaji ambaye kijana huyo alimheshimu kabla ya haya, umwombe amtembelee kama mgeni wa kawaida. Na usijifanye mpelelezi: usimpokonye simu, usijiunge na magrupu yake kwa jina la uongo, usimtume mdogo wake amchunguze. Ukigundulika utakuwa umempa yule mtu wa nauli ushahidi aliokuwa akiutafuta, kwamba watu wa mtaani si wa kuaminika.

Sasa mpaka uko wapi? Akikuambia tarehe ya safari, au akataja silaha, au ukajua anawavuta wadogo wa miaka 15 waende naye, hapo si suala la kocha tena. Familia iambiwe siku hiyo hiyo, na polisi waambiwe. Nenda na mtu mzima wa familia kwa askari wa kata yenu ambaye mnamfahamu kwa sura na kwa tabia. Kama kuna wenye umri chini ya miaka 18, mhusishe ofisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto aliye hatarini kuna pia namba 116, ambayo haina malipo. Jambo moja nakuomba sana: mwambie kijana mapema, kabla hajakueleza lolote zito, kwamba yote utayatunza isipokuwa lile linaloweza kumwua yeye au mtu mwingine. Ukimwahidi kutunza kila kitu halafu ukaenda kituoni, utapoteza vijana wote 26.

Sasa mpira.

Watu husema kijana akicheza mpira hana muda wa mambo mabaya. Inasemwa kwenye hotuba za kila bonanza, na mimi mwenyewe niliisema kwa miaka mingi. Si kweli. Mazoezi ni saa mbili, mara tatu kwa wiki. Zinabaki saa nyingi mno. Na wanaovuta vijana kwenda vitani hawahitaji mchana mzima. Wanahitaji nusu saa ya jioni na simu yenye bando.

Kuna jambo baya zaidi ambalo wapenda michezo hatupendi kulisikia. Mwanaanthropolojia Scott Atran alifuatilia mashambulizi ya kujitoa mhanga ya 2003 yaliyotokea Hebron, Palestina, akakuta kwamba vijana kadhaa walioyafanya walitoka timu moja ya mpira ya mtaa. Walikuwa marafiki, wengine ndugu. Uingereza nako, baadhi ya wale waliolipua treni na basi London Julai 2005 walijuana na kukazana kwenye ukumbi wa mazoezi kule Leeds, na wiki chache kabla ya shambulio wawili wao walikwenda Wales kuendesha boti kwenye maji ya kasi, kundi zima likicheka kama timu yoyote iliyo kambini.

Timu ni kamba, kocha. Inawafunga watu pamoja kwelikweli, na inawavuta kuelekea kule anakoielekeza mshika kamba. Mtu anayekuambia mpira wenyewe una maadili ndani yake hajawahi kukaa nyuma ya goli kwenye mechi ya ligi ya mbuzi refa alipokataa penalti dakika ya 88.

Kwa hiyo swali la maana kwako ni hili: katika yale yanayomsukuma kijana, timu yako inaweza kugusa lipi? Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilifanya kitu ambacho wengi wetu tungepaswa kukifanya, yaani kuwauliza wenyewe. Katika ripoti yake ya 2023 lilizungumza na watu karibu 2,200 katika nchi nane za Afrika, zaidi ya elfu moja kati yao wakiwa waliowahi kuwa ndani ya makundi ya wapiganaji. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 25 walitaja kutafuta kazi kuwa sababu kuu. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Karibu nusu walisema kulikuwa na tukio moja lililowasukuma kabisa, na kati ya hao asilimia 71 walilitaja tukio lenyewe: kuonewa, mara nyingi mikononi mwa vyombo vya dola. Ndugu kakamatwa, ndugu kauawa, mtu kapigwa mbele ya watu.

Kazi, na kudhalilishwa. Weka namba hizo kichwani, kisha utazame bonanza ulilopendekezewa. Jezi zenye maandishi, spika kubwa, mgeni rasmi, kombe, soda. Halina kazi ndani yake, na lina harufu ya kudhalilisha.

Niliona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita mradi mmoja ulikuja hapa Iringa na fedha nzuri, tukaandaa mashindano kwa vijana wa kata tatu "zenye hatari". Jezi ziliandikwa mgongoni maneno ya kupinga misimamo mikali. Wiki ya pili vijana wa kata nyingine wakaanza kuwaita wale wachezaji "magaidi". Mama mmoja akanifuata hadi nyumbani, akaniuliza mwanawe amefanya kosa gani hadi awekwe kwenye orodha hiyo. Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyeandika orodha. Vijana waliokuwa wakihitaji kuwa karibu nasi ndio waliotangulia kuondoka, na wale ambao hawakuwa na shida yoyote walibaki hadi fainali wakachukua kombe. Tangu siku hiyo sijaweka neno hilo kwenye jezi, kwenye bango wala kwenye jina la ligi yoyote. Iite ligi ya Ilomba. Kila kijana wa mtaa acheze. Wale unaowahofia watakuwemo humo bila kunyooshewa kidole.

Mtu anaweza kuuliza, basi tuchanganye tu vijana wa dini zote kwenye timu moja, si inatosha? Hilo lilijaribiwa kwa umakini mkubwa. Mtafiti Salma Mousa aliendesha ligi ya timu 51 kaskazini mwa Iraq, kwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la Dola ya Kiislamu. Timu nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine ziliongezewa Wakristo wenzao, kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2020. Waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye bado walikuwa wakifanya mazoezi pamoja nao. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mwenendo wao haukubadilika sana. Urafiki ulibaki pale ulipozaliwa.

Mimi sioni hayo kuwa matokeo madogo. Kupata watu wa dini mbili wanaoaminiana baada ya vita ni jambo kubwa. Ila yananifundisha kwamba kuvuka mstari wa chaki kunahitaji kazi nyingine, na kazi hiyo inafanywa na watu, haifanywi na mpira.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo zamani. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, MYSA, kilianzishwa 1987 kwenye mtaa uliojaa taka. Wakaweka kanuni rahisi: ukishinda mechi unapata pointi tatu, timu yako ikifanya usafi wa mtaa inapata sita. Fikiria maana yake kwa kijana ambaye kila mtu anamwona mzigo. Msimamo wa ligi wenyewe unamwambia kwamba anahitajika kuliko mabao yake. Na Medellín, Kolombia, baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa 1994 kwa sababu ya bao la kujifunga, walianza mchezo usio na refa. Kabla ya mechi timu mbili zinakaa chini na kukubaliana kanuni. Wanacheza. Kisha wanakaa tena na kuamua pamoja nani alicheza kwa haki, na pointi za haki zinajumlishwa na za mabao. Wasichana na wavulana wanacheza pamoja, na kwenye timu hizo bao la kwanza lilipaswa kufungwa na msichana.

Hilo la kukaa chini ndilo ningekushauri ulianze kesho kutwa. Halina gharama. Dakika kumi kabla, dakika kumi baada, mmekaa kwenye nyasi. Mwanzoni watacheka. Wiki ya tatu au ya nne yupo atakayesema kitu: mwenye pikipiki kampandishia hesabu ya siku, mikeka imemla hela yote ya wiki, au kapigwa kofi na mgambo mbele ya abiria wake. Hapo ndipo utakuwa umesikia jambo wiki sita kabla ya yule mwenye nauli. Maana yeye anafanya kazi hiyo hiyo, kocha. Anasikiliza. Anamwambia kijana "umeonewa", na mara nyingi ni kweli kaonewa. Uongo unakuja baadaye, kwenye kile anachomwambia afanye.

Usiyatumie mazungumzo hayo kuhubiri. Kazi yako ni kuuliza swali moja zuri na kumzuia mwongeaji mkuu asimeze muda wote. Na chagua mtu wa kuyaongoza asiye wewe. Kijana wa miaka 22 aliyetulia anafaa kuliko sisi wazee.

Haki uwanjani ni somo kubwa kuliko unavyodhani. Vijana hawa wanajua kuonewa kwa jina na kwa sura. Kama nafasi ya kuanza inatolewa kwa mtoto wa mfadhili wa jezi, kama refa ni shemeji yako, kama hela ya kiingilio cha mashindano haijulikani ilipokwenda, umewafundisha kila jioni kwamba hata hapa ni kama kule. Bandika majina ya kikosi na sababu. Soma mapato na matumizi mbele yao, hata kama ni shilingi elfu nane. Ukikosea, kubali ukiwa umesimama mbele yao wote.

Kuhusu polisi, naona utaogopa, na ninakuelewa. Mbeya inakumbuka Novemba 2011, machinga na polisi walipopambana Mwanjelwa. Mdogo wa mtu aliyekuwepo siku ile huenda ni mshambuliaji wako leo. Lakini Mbeya hiyo hiyo ina Tanzania Prisons, timu ya jeshi la magereza, na watu wanajaa uwanja wa Sokoine kuishangilia, pingu na sare zikiwa zimesahaulika kwa dakika 90. Mwalike askari wa kata acheze, sio ahutubie. Avae jezi kama wengine, apigwe chenga, akae chini kwenye zile dakika kumi kama wengine. Ukiona anakuja na daftari la kuandika majina, mzuie kwa heshima. Mechi moja ambayo askari ameitwa "kaka" na kijana wa bodaboda inaweza kuwa na kazi kubwa kuliko semina kumi, na kipigo kimoja cha barabarani wiki inayofuata kinaweza kuifuta yote. Mwambie hivyo. Askari wengi wazuri wanalijua tayari, na wanangoja raia awaambie bila woga.

Ratiba nayo inasema kitu. Usipange mazoezi Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na kumbuka nyanda zetu zina Wasabato pia. Fainali za Jumamosi zinawaacha nje kila mwaka na hakuna anayewauliza. Mwezi wa Ramadhani sogeza muda na upunguze mbio. Kijana akiona umemfikiria kabla hajaomba, hilo halisahau. Na tafadhali usidhani hatari hii ina dini moja. Jeshi la Joseph Kony lililoteka watoto Uganda lilijiita la Bwana. Mwaka 2023 Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Ukiwatazama vijana wa msikiti mmoja tu, utakuwa umeukosa mlango mwingine ulio wazi, na utakuwa umewaonea wasio na kosa.

Wasichana je? Katika swali lako hawamo. Netiboli ianze uwanja huo huo, siku hizo hizo, na mama mmoja awe sehemu ya uongozi. Dada ndiye mara nyingi wa kwanza kuona kaka amebadilika, na hana mahali pa kulisema.

Nimeacha kazi mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Timu haiwezi kuajiri watu 26. Inaweza kuwa kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachojuana, kinachokutana mara tatu kwa wiki na kinachoweka kumbukumbu za fedha tayari kina kile ambacho ofisa maendeleo ya jamii anakitafuta na hakipati kwa vikundi vilivyoundwa juzi kwa ajili ya mkopo. Anzeni na kuweka akiba, hata shilingi mia tano kila Jumamosi. Mtu mmoja afuatilie mafunzo ya ufundi ya VETA, mwingine aende kwa fundi wa pikipiki Kabwe kumwombea mwenzake nafasi ya kujifunza. Mchezaji anayekwenda kuomba nafasi akiongozana na kocha wake anasikilizwa tofauti na anayekwenda mwenyewe. Nimeliona hilo mara nyingi hadi nikaacha kushangaa.

Usiwauzie ndoto ya ligi kuu peke yake. Najua ina nguvu kwenu. Tukuyu Stars walitoka Rungwe wakachukua ubingwa wa nchi 1986, na Mbeya City walipopanda walimaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza, 2013/14, mji mzima ukiimba Koma Kumwanya. Lakini kati ya vijana wako 26 pengine hakuna atakayelipwa kwa kucheza. Anayegundua hilo akiwa na miaka 21, baada ya kuambiwa kwa miaka sita kwamba atatoka kwa mpira, ni mtu aliye tayari kusikiliza ahadi yoyote. Mfundishe mmoja urefa, mmoja huduma ya kwanza, mmoja utunzaji wa vifaa, mmoja kufundisha wadogo. Kijana mwenye watoto kumi wanaomwita mwalimu kila jioni si rahisi kumpandisha basi la usiku.

Ndiyo maana nakushauri hivi kuhusu mlinzi wako. Akikubali kuongea, usimwombe arudi mazoezini. Mwombe akusaidie watoto wa chini ya miaka 12 siku ya Jumatano, kwa sababu wewe huwezi kuwa sehemu mbili, na iwe kweli huwezi. Akikataa, rudi wiki ijayo. Akikataa tena, rudi. Mpelekee mama yake sukari hata kama yeye hayupo.

Na ile jezi namba 3, usimpe mwingine kwa sasa. Jumamosi ikibaki kwenye begi na wenzake wakauliza, waambie ina mwenyewe.